Printi ya kawaida, printi ya idadi maalumu au chapa ya mkono: bei yako isimame wapi?

Jumamosi moja kwenye soko la wasanii, Dar es Salaam, mzee mmoja alisimama mbele ya meza yangu kama dakika tano bila kusema neno. Mkono wa kulia alishika printi ya A3 ya mchoro wangu wa mama anayesuka ukili. Mkono wa kushoto alishika chapa ya lino, yaani picha iliyochongwa kwenye bamba laini kisha ikachapwa kwa mkono, ndogo kuliko ile, nyeusi na nyeupe tu, ya mama huyohuyo.

"Binti," akasema, "hii kubwa yenye rangi elfu ishirini na tano. Hii ndogo isiyo na rangi elfu themanini. Hujachanganya bei?"

"Hapana, mzee wangu, sijachanganya." Nikaigeuza ile chapa nyuma, nikaiinamisha juani ili aone karatasi inavyong'aa kwa mistari mifupimifupi. Ile ni mipito ya mgongo wa mwiko. Sina mashine ya kugandamizia, kwa hiyo kila nakala naisugua kwa mwiko wa mbao mpaka wino ushike. Mzee akapitisha kidole, akatikisa kichwa, akanunua ile kubwa. Sikuona vibaya hata kidogo. Aliondoka akijua tofauti ya vitu viwili alivyovishika, na mimi nilikuwa na jibu la kumpa.

Miaka miwili kabla ya hapo nisingekuwa nalo. Nilikuwa napanga bei kama wengi wetu tunavyoanza: karatasi na wino vimenigharimu elfu nne, nikiuza elfu kumi nimepata sita. Hesabu hiyo inakupa raha siku ya soko na inakuacha ukikopa nauli mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nimeamua kuweka njia hizi mezani, moja pembeni ya nyingine, kwa hesabu kamili. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano, kwa shilingi za Tanzania. Bei za mjini kwako zitakuwa tofauti, lakini hatua za hesabu ni zilezile.

Kwanza saa yako

Huwezi kulinganisha chochote kabla hujajua saa yako moja ni shilingi ngapi. Tuseme kwa mwezi unahitaji Sh 900,000: kodi, chakula, umeme, vocha, rangi, na kidogo cha kutuma nyumbani. Unafanya kazi siku 25, saa sita kwa siku. Hizo ni saa 150. Ukigawanya unapata Sh 6,000 kwa saa, na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu saa 150 zote hazizalishi. Kuna kwenda mjini kufuata karatasi, kumjibu mteja ambaye hatanunua, kusafisha rola, kumsubiri fundi wa printi umeme urudi. Kwangu mimi karibu nusu ya muda huishia huko. Basi gawa kwa saa 75 zilizobaki na utapata Sh 12,000.

Ukiona ni kubwa mno, kumbuka hazijaingia humo siku za kuugua wala miezi ya masika ambayo wageni hupungua pwani.

Vitu vitatu, hesabu tatu

Printi ya kawaida ni ile isiyo na kikomo. Unapiga picha au kuskani mchoro, unapeleka kwa fundi, anakutolea A3 kwenye karatasi nene ya gramu 250 au 300. Ukitaka mia, ukitaka elfu. Printi ya idadi maalumu hutolewa kwa wino wa pigmenti (wa chembe za rangi, haupauki haraka) kwenye karatasi ya pamba, na unaahidi kwamba zitakuwa 30 tu. Wageni wengi huiita giclée, jina alilolibuni Jack Duganne mwaka 1991 kule California kutokana na neno la Kifaransa la kurusha maji. Mteja akikutajia jina hilo asikutishe; ni printi ya mashine ya kurusha wino, iliyofanywa kwa uangalifu. Chapa ya mkono ni kitu kingine kabisa. Hakuna mchoro wa rangi unaonakiliwa. Unachonga lino au ubao, unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi, na kila inayotoka ni kazi halisi, siyo picha ya kazi.

Chukua mchoro wangu wa mama wa ukili. Ulinichukua saa 30, yaani Sh 360,000, na kuuskani vizuri ni Sh 60,000. Jumla Sh 420,000. Nikitarajia kuuza printi za kawaida 100, kila moja inabeba Sh 4,200. Fundi anachukua 4,000. Mfuko wa plastiki, kadibodi ya nyuma na kadi yenye jina langu ni 2,000. Kukagua, kusaini na kufunga ni dakika kumi za kazi, Sh 2,000. Hapo tumefika 12,200. Ongeza asilimia kumi kwa zile zitakazokunjika, kuchafuka au kupata unyevu, na kila printi inasimama kwenye Sh 13,400.

Ndiyo, ile printi ya "elfu nne".

Kwa idadi maalumu nina mchoro mwingine, mafundi wakikalafati jahazi, nao wa saa 30. Hapa Sh 420,000 zinagawanywa kwa 30, kila nakala inabeba 14,000. Fundi wa pigmenti anataka 35,000, kufunga na cheti 5,000, nusu saa yangu ya kukagua rangi, kuandika namba na kusaini 6,000. Kuna printi mbili za majaribio ambazo rangi ya bahari ilikataa, na gharama yake ikigawanywa ni kama 2,300 kwa kila nakala. Ukiongeza kidogo kwa uharibifu inafika Sh 65,400.

Chapa ya lino ya nakala 20 niliihesabu kwa mkupuo. Lino, wino na visu Sh 55,000. Karatasi 25 kwa 6,000 ni 150,000. Nanunua 25 kwa sababu tano zitaharibika, ndivyo ilivyo. Kuchora saa sita, kuchonga saa 14, kuchapa na kusafisha saa kumi: tena saa 30, Sh 360,000. Kufunga 60,000. Jumla Sh 625,000, yaani 31,250 kwa nakala.

| | Kawaida, A3 | Idadi maalumu, A3 | Chapa ya lino |
|---|---|---|---|
| Idadi | haina kikomo | 30 | 20 |
| Gharama kamili ya nakala moja | 13,400 | 65,400 | 31,250 |
| Bei ya chini kama duka linachukua asilimia 40 | 22,300 | 109,000 | 52,100 |
| Bei niliyoanza nayo | 25,000 | 120,000 | 60,000 |
| Unachobaki nacho duka likichukua lake | 15,000 | 72,000 | 36,000 |

Mstari wa tatu ndio ninaotaka uutazame kwa muda. Gharama kamili usiizidishe mara mbili kwa mazoea. Igawe kwa 0.6, kwa sababu duka likichukua asilimia 40 wewe unabaki na 60. Ukishapata namba hiyo ndipo unaongeza chako.

Kuna jambo jingine halionekani kwenye jedwali. Kwenye ile 31,250 ya lino, Sh 18,000 ni saa zako mwenyewe. Pesa inayotoka mfukoni ni 13,250 tu. Kwenye printi ya jahazi, 40,000 inaenda kwa fundi, karatasi na vifungashio kabla wewe hujala. Msanii asiye na mtaji, aliyekaa na kisu na kipande cha lino nyumbani, anaweza kutoa kazi 20 halisi kwa Sh 265,000 za mfukoni. Printi 30 za pigmenti ukizitoa kwa mara moja ni zaidi ya milioni. Kwa bahati hizi huhitaji kuzitoa zote. Unatoa mbili mbili kadiri zinavyouzwa, mradi daftari lako la namba liwe safi.

Uhaba wa kweli na uhaba wa maneno

Lino ikishachongwa bado unaweza kuchapa nakala ya 21, na ya 200. Kinachozuia ni ahadi yako. Fred Mutebi wa Uganda anajulikana kwa chapa za ubao za rangi nyingi ambapo ubao mmoja huchongwa hatua kwa hatua: anachapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, anachonga zaidi ubao uleule, anachapa ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukimaliza, ubao umeliwa. Hakuna kurudi nyuma hata ukitaka. Anayenunua chapa ya namna hiyo ananunua uhaba ulio ndani ya njia yenyewe, na bei ina haki ya kubeba jambo hilo.

Printi ya mashine haina ulinzi huo. Faili lipo kwenye simu, na kishawishi kitakuja siku mteja wa hoteli atakapotaka 50 za jahazi wakati umeshauza 30/30. Usifanye. Wala usibadilishe ukubwa kidogo ukaita toleo jipya bila kuwa uliwaambia wa kwanza. Yule aliyelipa 120,000 alilipia neno lako, na katika biashara hii wanunuzi wanajuana kuliko unavyofikiri. Ndiyo maana mama wa ukili sikumwekea idadi maalumu hata kidogo: nilishamtoa kama printi ya kawaida. Chapa yake ya lino nilimchora upya, kwa mkao mwingine, na namweleza hivyo kila anayeuliza.

Kuandika namba kuna utaratibu wake, na wanunuzi wazoefu wanautazama. Penseli, siyo kalamu. Kushoto chini 7/30, yaani nakala ya saba kati ya 30, katikati jina la kazi, kulia sahihi. Nakala za msanii, yaani zile anazobaki nazo mwenyewe, ambazo kwa desturi hazizidi kama asilimia kumi, zinaandikwa tofauti na hazihesabiwi ndani ya 30. Kwa Kenya, sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa mwaka 2019 inampa msanii mrabaha wa asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara, na hilo peke yake ni sababu tosha ya kuweka kumbukumbu ya nani alinunua namba ipi.

Kwa ukubwa, kwa jirani, au kwa gharama?

Kupanga bei kwa ukubwa kunapendwa kwa sababu kunajibu swali la mteja haraka. Tuseme Sh 20 kwa kila sentimita ya mraba. A3 ina sentimita za mraba 1,247, kwa hiyo inakuja karibu 25,000. Sawa kabisa. A2 ni mara mbili, inakuwa 50,000. A4 ni nusu, inakuwa 12,500. Na A4 ndiyo inayokuumiza. Karatasi imepungua nusu, lakini dakika kumi za kufunga ni zilezile, skani ileile, sehemu ya saa 30 ileile. Nilipoipigia hesabu A4 yangu ilisimama kwenye Sh 10,700, na ukiigawa kwa 0.6 hupaswi kuiuza chini ya 17,800. Ukiipeleka dukani kwa 12,500 unarudi na 7,500. Kila A4 unayouza unamlipia mteja sehemu ya bei yake.

Kuna dawa rahisi: weka kiingilio. Sh 10,000 kwa kila printi, halafu Sh 12 kwa sentimita ya mraba. A4 inatoka 17,500, ipandishe iwe 18,000. A3 inabaki 25,000. A2 inashuka hadi 40,000, na utashangaa jinsi A2 itakavyoanza kutoka.

Kupanga kwa kumtazama jirani nakuogopa zaidi. Nenda Oyster Bay kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, akauza kwa wapita njia, akafariki mwaka 1972 akiwa bado kijana. Leo mtindo wake una wachoraji wengi, wamekaa karibu karibu, na wengi huchora tembo, twiga na ndege wanaofanana. Mgeni anapita banda hadi banda akiuliza bei. Wa kwanza anasema themanini, wa pili anamsikia na kusema sabini, wa mwisho ana mtoto anayedaiwa ada na atasema arobaini. Kuanzia hapo arobaini inakuwa bei ya banda zima. Nawaheshimu wale mafundi, mkono wao ni mwepesi na rangi zao zinaimba. Lakini pale nilijifunza kwamba bei ya jirani inakuonyesha dhiki ya jirani, na haikuonyeshi gharama yako.

Mtazame jirani kwa kazi moja tu: kujua mteja ameshazoea kusikia nini. Kama wote wanauza A3 kwa 15,000 na wewe ni 25,000, tofauti ionekane kwa macho na mkono. Karatasi nene, ukingo mweupe uliokatwa sawasawa, kadi yenye maneno matatu kuhusu ukili. Kama huwezi kuionyesha tofauti, shida iko kwenye bidhaa. Bei iache.

Meza yako, mali kauli, au jumla

Hapa ndipo nilipopotea kwa muda mrefu. Niliamini kwamba nikiuza mwenyewe mezani ile asilimia 40 yote ni yangu. Siku moja nikaandika kila kitu. Meza Sh 30,000. Saa zangu sita kwa 12,000 ni 72,000. Jumla 102,000. Siku hiyo niliuza printi kumi za A3. Kila moja ilibeba Sh 10,200 za kuuzwa kwake, na asilimia 40 ya 25,000 ni 10,000.

Nilikaa nikaitazama namba hiyo mara mbili. Duka halikuwa likininyang'anya. Lilikuwa linalipwa kwa kazi ambayo mimi nilikuwa naifanya bure na kuiita faida. Ukiuza printi 20 mezani, meza inashinda duka. Ukiuza sita, unapoteza. Ukiwa na kazi ya 120,000 na ukauza tatu tu, meza inashinda tena. Kwa hiyo swali la meza au duka linajibiwa na idadi unayouza kwa siku, na siku hizo uziandike, usizikumbuke kwa hisia.

Mali kauli ina uchungu wake. Niliwahi kuacha printi 24 kwenye duka moja la zawadi hotelini, kwa makubaliano ya mdomo: zikiuzwa tutahesabiana. Masika ikaingia. Nilipozifuata zilikuwa 11, zimejikunja kama chapati kwa unyevu, nne zina madoa, na za zilizouzwa nikalipwa kwa bei ambayo muuzaji aliamua mwenyewe kuipunguza. Tangu hapo naandika karatasi moja yenye mistari michache: idadi, bei ya mteja, asilimia yangu, nani anabeba zilizoharibika, na tunahesabiana tarehe ngapi ya kila mwezi. Muuzaji mwema huikubali bila maneno. Anayeudhika kwa karatasi hiyo amenisaidia kujua mapema.

Jumla je? Mwenye duka anataka kununua moja kwa moja kwa nusu bei, taslimu. Kwa A3 hiyo ni Sh 12,500, na unaona iko chini ya 13,400 yangu. Lakini kwa jumla hatari ya uharibifu imehamia kwake, kwa hiyo gharama yangu inarudi 12,200. Nabaki na mia tatu. Ni kidogo, ila saa zangu zimeshalipwa ndani ya hesabu na pesa iko mkononi leo. Mimi kwa printi za kawaida naichagua nusu taslimu kuliko asilimia 60 ya ahadi, hasa kuanzia Machi. Kwa printi ya jahazi nakataa: nusu ya 120,000 ni 60,000, na hata bila uharibifu inanigharimu 62,300. Hiyo naipeleka kwenye jumba la sanaa linalojua kuitundika na kumweleza mtu karatasi ya pamba ni nini.

Vyovyote utakavyochagua, bei ya mteja iwe moja kila mahali. Ukiuza nyumbani kwa 15,000 kitu ambacho duka linauza 25,000, mwenye duka atajua kabla ya mwezi kuisha, na atakuwa na haki ya kukurudishia mzigo wako. Wale wanaonifuata nyumbani wakisema, "Dada, si huku hamna kodi ya duka, nifanyie ya nyumbani," nawaandalia chai, na bei inabaki palepale.

Fremu ina mtego mdogo. Ukimlipa fundi 40,000 na kuiongeza 40,000 kwenye bei ya dukani, duka linachukua 16,000 ndani yake. Iweke karibu 67,000, au uza bila fremu kama ninavyofanya. Mgeni anayepanda ndege hataki kioo, anataka bomba la plastiki. Na ukituma mikoani, gharama ya kusafirisha iandike peke yake. Mteja wa Mwanza analipa printi, halafu analipa bomba na basi kutoka stendi ya Magufuli. Ukiifukia ndani ya bei, wa Kinondoni anamlipia wa Mwanza.

Bei ya mgeni, bei ya mwenyeji

Najua wengi wanapandisha wakiona mgeni. Naelewa dhiki inayosababisha, lakini kwa printi naona inaharibu. Bei imeandikwa nyuma kwa penseli, na mgeni anayo simu. Jioni atakutana na mwenzake aliyelipa nusu. Zaidi ya hapo, nataka mtoto wa shule ya sekondari wa Temeke aweze kununua kazi yangu bila kuomba. Kwa ajili yake natengeneza kadi za A6 za Sh 5,000. Ni kitu kidogo chenye bei ndogo, na mgeni naye anakilipia 5,000 hiyohiyo.

Kupatana bei ni sehemu ya mazungumzo yetu, siwezi kuifuta. Nimeihamishia kwenye idadi. A3 moja ni 25,000, tatu ni 70,000, na ofa hiyo ipo dukani pia. Niliipima kwanza: 70,000 ikikatwa asilimia 40 inaniachia 42,000, yaani 14,000 kwa kila printi, juu ya gharama. Nilitaka kuweka tatu kwa 65,000 kwa sababu inatamkika vizuri. Ingeniachia 13,000 kila moja, chini ya gharama, na nisingegundua mpaka nimeuza mamia.

Wewe uchague ipi

Kama ndiyo kwanza unaanza na huna mtaji, chonga. Lino au ubao, nakala 20, uza kwa bei inayolipa saa zako. Mkono utajifunza na pesa itabaki nyumbani. Kama tayari una michoro inayopendwa na unapata watu wengi mbele ya meza, printi ya kawaida itakulisha, mradi usiingie chini ya ule mstari wa 0.6. Idadi maalumu ngojea mpaka uwe na watu wanaokufuata kwa jina na jumba la sanaa linalokuamini. Kabla ya hapo utakuwa na printi ghali kabatini na ahadi inayokubana. Ukifika, anza chini na panda kwa hatua: kumi za kwanza 120,000, kumi zinazofuata 140,000, za mwisho 170,000. Waliokuamini mapema wanapata nafuu, nawe hulazimiki kumweleza mtu kwa nini bei imepanda ghafla.

Chapa ya mama wa ukili niliianza kwa 60,000. Kumi zilipoondoka nikaipandisha 80,000, na hapo ndipo mzee yule alipoishika. Sasa zimebaki 19/20 na 20/20, nimezifunga kwa karatasi laini ndani ya sanduku la bati mbali na unyevu, na nyuma nimeandika 100,000. Lino yenyewe nilishaikata katikati kwa kisu.